Kabla Hujapanda Boti: Kujiandaa Kubadilisha Mfumo wa Simu wa Mteja Lamu

Kutoka Malindi hadi jeti ya Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu. Hapo gari linabaki. Makasha yanashushwa, yanapakiwa botini, na ukishavuka yanachukuliwa na hamali au punda, kwa maana vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitishi gari. Fundi aliyesahau adapta moja mezani kwake Malindi, akaikumbuka akiwa Lamu, ameshapoteza siku nzima, na mteja wake kakaa bila simu siku hiyo hiyo.

Mwongozo huu ni wa fundi anayekwenda kuondoa swichibodi ya zamani, ile mashine inayounganisha simu za ndani na laini za nje, katika hoteli, nyumba ya wageni au ofisi na kuweka mfumo wa simu za IP, yaani zinazopitisha sauti katika mtandao wa kompyuta. Kufunga kwenyewe huchukua siku mbili, tatu. Maandalizi mimi huyapa wiki mbili, na sioni haya kumwambia mteja kwamba sehemu kubwa ya malipo yake ni ya wiki hizo mbili.

Hatua ya 1: Uliza nani humpigia nani

Mafundi wengi huanza na swali la mna simu ngapi. Nami nilikuwa hivyo, mpaka kazi moja ya nyumba ya wageni upande wa Shela ikanifunza. Meneja alinitumia orodha safi: vyumba, mapokezi, jikoni, ofisi. Nikafunga, nikajaribu, simu zote zikalia. Kesho yake mchana ndege ikatua Manda, wageni wakashuka, na boti ya nyumba haikwenda kuwachukua. Mama na watoto wake wawili walikaa pale juani karibu saa nzima.

Kumbe siku zote dada wa mapokezi alikuwa akibonyeza 17, na simu ikalia katika kibanda cha nahodha ufukweni, kwa waya mkongwe uliopita juu ya ukuta wa bustani. Meneja hakuwahi kuipiga 17 maishani mwake, basi hakuiandika. Baadaye nikaonyeshwa karatasi iliyokuwa chini ya kioo cha meza ya mapokezi. Ilipigwa taipu zamani sana, majina yakakatwa kwa kalamu nyekundu, "stoo" ikageuzwa "dobi", na pembeni kabisa, kwa penseli iliyofifia kwa mafuta ya vidole, imeandikwa: 17 boti.

Kila mapokezi ina karatasi kama hiyo. Omba picha yake kabla ya kitu kingine chochote. Kisha mpigie simu mtu anayekaa kwenye ile meza. Meneja mwache kwanza. Msalimie vizuri, muulize habari za nyumbani na za kazi, halafu muombe akueleze siku yake inavyokwenda. Mazungumzo yangu ya mwisho ya namna hii yalikwenda hivi:

"Simu ya nje ikiingia, Bi, nani huipokea kwanza?"

"Mimi. Nikienda kusali huipokea mlinzi."

"Huipokea akiwa wapi?"

"Huja hapa hapa mezani. Lakini usiku nabonyeza hiki kitufe chekundu, zote zinakwenda getini."

Hicho kitufe chekundu ni huduma ya usiku, na hakuna aliyeitaja katika barua ya kuomba kazi. Kama ningeenda na mfumo mpya usiokuwa nayo, usiku wa kwanza simu zingelia mapokezi penye kiti kitupu. Andika kila jibu kama lilivyosemwa. Muulize pia juu ya vitu vinavyotumia waya wa simu ingawa si simu: faksi ya ofisini, mashine ya kadi za benki ya aina ya zamani, king'ora cha wizi, kengele ya lango. Hivi ndivyo vinavyokufa kimya kimya swichibodi ya zamani ikizimwa, na hugunduliwa siku mgeni anapotaka kulipa.

Hatua ya 2: Pata picha za mashine kabla ya kuamua chochote

Omba picha ya swichibodi ikiwa imefungwa, ikiwa imefunguliwa, na kibandiko chenye namba ya modeli. Omba simu moja ya kila aina igeuzwe na kibandiko cha chini kipigwe picha. Hapo utajua kama simu za vyumbani ni analogi, zile za kawaida za waya wa shaba zisizofungwa na chapa moja, au ni za dijitali za kampuni iliyotengeneza swichibodi. Tofauti hii ni ya pesa nyingi: simu ya analogi inaweza kuendelea kutumika chini ya mfumo mpya, ile ya dijitali ya chapa moja haizungumzi na mashine ya chapa nyingine, na itabidi iondoke.

Omba pia picha ya mahali waya zinapokusanyika. Ukiona vibandiko vya namba kwenye kila jozi ya waya, shukuru. Usipoviona, ongeza nusu siku katika hesabu yako ya kutafuta jozi kwa kifaa cha mlio, kinachotuma mlio upande mmoja wa waya ili uutambue upande wa pili, na mwambie mteja mapema.

Neno la siri la swichibodi ya zamani liulizwe sasa. Mara nyingi fundi aliyeifunga ameshahama na hakuna anayelijua. Hilo si mwisho wa kazi, ila maana yake ni kwamba orodha ya namba za ndani utaijenga kwa mdomo na karatasi. Usimruhusu mtu yeyote airudishe mashine kwenye hali yake ya kiwandani ili tu ifunguke. Itafunguka, lakini ikiwa tupu.

Hatua ya 3: Fikiria kuta

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na mji mwingine wowote niliofanya kazi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na dari za boriti za mikoko. Ukuta kama huo hula mawimbi ya Wi-Fi. Rauta iliyowekwa ukumbini haitamfikia mgeni wa chumba cha pili, basi usimuahidi mteja simu zisizo na waya kabla ya kupima.

Kutoboa nako si jambo la kuamua wewe. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanashughulikia uhifadhi wake. Nyumba yenye zidaka na plasta ya kuchongwa haitobolewi kwa sababu fundi ameona njia fupi. Muulize mwenye nyumba ni kuta zipi zinaguswa na zipi haziguswi, na kama kibali kinatakiwa akitafute kabla hujafunga safari. Mimi binafsi sijawahi kujutia kebo iliyozunguka mita kumi zaidi ili ukuta wa zamani ubaki mzima.

Kwa sababu hiyo, vyumbani mara nyingi nashauri simu za analogi zibaki. Waya wa shaba umeshapita ukutani, pengine tangu miaka ya tisini, na ukiwa mzima hauna kosa lolote. Unaweka getiwei ya analogi, kifaa kinachounganisha simu za analogi na mfumo wa IP, pale zilipokuwa zikiingia jozi za zamani, na mgeni chumbani haoni mabadiliko. Simu za IP zinabaki kwa mapokezi, ofisi na meneja. Najua wapo wauzaji watakaokuambia ung'oe kila kitu. Wao hawatakuwepo siku chokaa inapobanduka.

Lakini waya wa pwani hula chumvi. Muombe mtu wa pale ainue mkono wa simu katika kila chumba na aandike: mlio safi, mlio wenye mkwaruzo, au kimya. Kazi hii mlinzi anaweza kuifanya kwa saa moja vyumba vikiwa wazi. Vyumba vyenye mkwaruzo ndivyo utakavyobebea waya mpya na soketi mpya, maana vichwa vya shaba vilivyopata kutu ya kijani havisafishiki vikarudi vilivyokuwa.

Panapohitajika kebo mpya ya mtandao, kumbuka kikomo chake ni mita 100 kutoka swichi, kifaa kinachokusanya kebo za mtandao, hadi simu. Nyumba za Shela zenye bustani na vibanda vya ufukweni huvuka kikomo hicho bila mtu kufahamu. Mtu wa pale apime kwa hatua zake, akutumie hesabu. Ikizidi, panga faiba (kebo ya nyuzi za kioo) au kiungo cha redio, na uandike bei yake sasa. Mteja hatafurahi kuisikia kazi ikiwa nusu.

Hatua ya 4: Umeme

Simu ya analogi hupata umeme wake kwenye waya wa simu wenyewe. Stima ikipotea, maadamu swichibodi ina betri, chumba bado kina simu. Simu ya IP inategemea swichi ya mtandao iliyo na PoE, yaani inayopitisha umeme ndani ya kebo. Swichi ikizima, zote zinazima pamoja na rauta.

Basi fanya hesabu. Kiwango cha kawaida cha PoE hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, lakini swichi ya matundu 24 haina maana itatoa kiasi hicho kwa matundu yote kwa pamoja. Soma jumla ya wati zake. Simu ya mezani ya kawaida hula kati ya wati 3 na 6, kwa hiyo simu kumi hazisumbui. Kamera na vituo vya Wi-Fi vilivyochomekwa hapo hapo ndivyo vinavyomaliza akiba.

Kwa betri, tuseme swichi, rauta, getiwei na mashine ya simu vinakula wati 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Wati-saa 600 kwa 200 ni saa tatu, ukitoa kinachopotea katika kugeuza umeme zinabaki mbili na kitu. Muulize mteja stima ikikatika hukaa muda gani, na jenereta huwashwa na nani, baada ya dakika ngapi. Majibu hayo ndiyo yanayochagua betri.

Hatua ya 5: Intaneti, ipimwe ikiwa imechoka

Simu moja kwa kodeki ya G.711, njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Mazungumzo sita kwa wakati mmoja ni kilobiti 540. Kwa upana peke yake, karibu kila laini ya siku hizi inatosha. Kinachoharibu sauti ni kuchelewa, kuyumba na pakiti kupotea, na hivyo huonekana watu wanapokuwa wengi. Muombe mtu wa pale aunganishe kompyuta kwa kebo na kupima ping, yaani muda wa pakiti ya data kwenda na kurudi, mara tatu: asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku wageni wanapotazama filamu. Kipimo cha saa mbili usiku ndicho cha kuamini. Kuchelewa kwa njia moja kusizidi milisekunde 150; ping huhesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo usichanganye.

Uliza modeli ya rauta na nani ana neno lake la siri. Rauta nyingi zina kipengele cha SIP ALG, kinachobadilisha ujumbe wa simu za IP unapopita, ambacho kinadai kusaidia simu na badala yake husababisha upande mmoja usisikie. Panga kukizima. Panga pia VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya vifaa hivyo hivyo, ya simu peke yake, mbali na Wi-Fi ya wageni.

Na usipange kamwe kuacha mlango wa 5060, ambao simu za IP hupokelea miito kwenye mtandao, wazi kwa dunia nzima wala neno la siri la kiwandani. Wezi wa dakika hupekua mitandao usiku kucha wakitafuta mfumo wa aina hiyo, na wakiupata hupiga simu za ng'ambo mpaka alfajiri, bili ikimwangukia mteja. Muulize kama kweli wanapiga ng'ambo. Kama hapana, zifungwe. Kama ndiyo, simu zipi na nchi zipi.

Hatua ya 6: Namba

Namba za mezani za Malindi na Lamu huanza na 042, na ipo nyumba ambayo namba yake hiyo imechorwa kwenye kibao cha mlango na kuandikwa katika vitabu vya wasafiri. Mteja asikate laini ya zamani mpaka ya mpya iwe inapokea. Mtoa huduma aulizwe kwa maandishi kama namba itahamishika, na laini iko kwa jina la nani. Kama imeandikishwa kwa marehemu baba, familia ianze kushughulikia karatasi hizo leo.

Kisha pangilia namba za ndani mezani kwako, taratibu. Mitego iko hapa. Hoteli yenye chumba cha 112 ikikipa namba ya ndani 112, imegongana na namba ya dharura. Nyumba inayobonyeza 9 kupata laini ya nje imejiwekea tatizo na 999, kwa sababu mashine itaila ile 9 ya kwanza. Na penye 0 ya kuita mapokezi, mgeni anayepiga namba ya mkononi inayoanza na 07 au 01 anaweza kuunganishwa na mapokezi kabla hajamaliza. Hakikisha 999 na 112 zinatoka kwa kila simu, zikiwa na tarakimu ya kutokea au bila. Vyumba vipe tarakimu ya mbele, kwa mfano 2112, na mbandikie mgeni maelezo mapya kando ya simu. Lakini zile namba ambazo watu wa kazi wameshazizoea vidoleni, kama 17 yetu, zibaki zilivyo.

Salamu ya kupokea simu nayo irekodiwe mapema, kwa sauti ya mtu wa nyumba hiyo. Kama mteja anataka mazungumzo yarekodiwe, mpigaji aambiwe hivyo mwanzoni; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu.

Hatua ya 7: Jenga kila kitu mezani

Usifungue kasha la kiwandani kwa mteja. Washa mashine, swichi, getiwei na simu zote nyumbani kwako au dukani. Pakua programu mpya za vifaa na uziweke humo humo, kwa intaneti yako, uwe pia na nakala kwenye flashi. Weka namba za ndani, huduma ya usiku, makundi ya kulia pamoja. Iache ifanye kazi siku mbili. Simu mbovu hujulikana katika saa hizo 48, na dukani kwako inabadilishwa bila mtu kuumia.

Bandika jina kwenye kila simu, kila adapta, kila ncha ya kebo. Kisha weka nakala ya mipangilio mahali pawili, na chapisha orodha ya namba kwa karatasi ngumu, herufi kubwa, ikae chini ya kile kioo.

Hatua ya 8: Chagua siku na maji

Epuka Desemba, Agosti, siku za Maulidi na wiki ya tamasha la utamaduni. Miezi ya masika baadhi ya nyumba za Shela hufungwa, na kwa kazi yetu huo ndio wakati mzuri, ila bahari ya kusi huchafuka, kwa hiyo vifaa vifungwe kwa nailoni ndani ya makasha. Ijumaa mchana usipange kuzima chochote. Tazama pia jedwali la maji: wakati wa bamvua maji yakipwa sana, kushusha makasha ni taabu, na kasha la swichi halitakiwi kubebwa mtu akiwa majini hadi magotini.

Kubaliana na mteja kwa maandishi saa ya kuzima, nani atakuwa na funguo, na kwamba swichibodi ya zamani itabaki ukutani, waya zake zikiwa na alama, kwa wiki moja. Jambo likikwama, unairudisha kwa nusu saa.

Hatua ya 9: Mzigo

Simu za akiba, moja kwa kila kumi. Adapta mbili. Vichwa vya RJ45 (vya kebo za mtandao) na RJ11 (vya waya wa simu) kwa wingi, koleo ya kubania, kifaa cha kusukumia waya kwenye bloku, kifaa cha mlio, kipima kebo, simu ya kawaida ya analogi ya kujaribia laini. Vizuizi vya radi kwa kila waya unaotoka nje. Rauta ndogo yenye kadi za mitandao miwili. Tochi ya kichwani, na kitambaa cha kutandika chini ya drili ili vumbi la chokaa lisitue kwenye mazulia ya watu.

Asubuhi ya safari, kabla gari halijaondoka, mpigie dada wa mapokezi. Msomee orodha yote namba kwa namba, jina kwa jina, naye awe ameishika ile karatasi yake. Mimi hungojea aseme, "Ehe, na 17?" Asipoiuliza, naiuliza mimi. Halafu ndipo naweka kasha la mwisho garini.